Mikono ya Watoto wa Lurujo

Jumatatu, 5 Agosti 1974. Oli, Arua

Leo naanza daftari hili, na kabla ya sentensi ya pili najiwekea sharti: nitaandika kila kitu, hata kile ambacho nikikisoma kesho nitataka kuuchana ukurasa. Naandika kwa Kiswahili. Baba yangu, Raphaël, alijifunza kwa mapadri huko Bunia kabla hajavuka mpaka kuja kuuza vitambaa hapa, naye amenifundisha kila Jumapili baada ya misa tangu nina miaka sita. Shuleni wenzangu husema hiyo ni lugha ya askari, kwa hiyo hakuna atakayelisoma daftari hili.

Jina langu ni Monique Candiru. Niko kidato cha tatu. Jumamosi, na jioni tatu kwa juma, namsaidia Dokta Zéphyrin, Mkongomani kama baba, mtafiti wa kinga ya mwili. Anachunguza kwa nini mtoto mmoja akikutana na kifua kikuu hushikwa, na mwingine hashikwi. Kazi yangu ni kadi.

Mwezi wa Juni makala yake ilitoka katika jarida la Ulaya. Mtaalamu aliye mbali, ambaye maktaba yake haina jarida hilo, hutuma kadi ndogo ya posta kuomba nakala. Mimi huandika jina na nchi yake katika rejista, hutia nakala ndani ya bahasha, hubandika stempu. Leo zimekuja nne: Ibadan, Praha, Madras, Lyon. Jumla kumi na tisa.

Dokta alizipanga mezani kama mcheza karata. "Mutoto yangu, angalia! Mbele ya hii nilichapa makala tatu. Unajua nani aliomba? Mutu mumoja. Na yeye ni shemeji yangu."

Nilicheka. Halafu nilitoka nje nikajifanya nanawa mikono, maana machozi yalikuwa karibu.

Bado sijaandika kila kitu. Kesho.

Jumanne, 6 Agosti

Mvua tangu asubuhi. Nimeshindwa.

Jumamosi, 10 Agosti

Sasa.

Mwaka jana, likizo ya Pasaka, nilikuwa Lurujo, upande wa Koboko, kwa Bibi Ocokoru, mama wa mama yangu. Jumanne Dokta alifika na msaidizi wake, Obeti, wakawachoma watoto themanini na wanane sindano ndogo ya kupimia katika ngozi ya mkono wa kushoto. Sindano hiyo haikingi kitu. Ni kama kubisha hodi: mwili uliokwisha kukutana na ugonjwa huo hujibu kwa kuvimba palepale. Siku ya tatu lazima mtu aupime uvimbe kwa rula. Mtoto ambaye mkono wake umevimba sana hahitaji sindano ya kinga. Ambaye mkono umebaki bapa, anaihitaji.

Dokta alikuwa amenifundisha kupima kule Ajia, kijiji cha kwanza alichokipima, kwenye mikono ishirini. Unavuta kalamu ya wino taratibu juu ya ngozi mpaka ikwame ukingoni mwa uvimbe, unaacha alama. Unafanya vilevile upande wa pili. Kisha unapima umbali kati ya alama hizo mbili. "Huyu ana mukono ya fundi wa saa," alimwambia Obeti. Aliniachia rula, kalamu na kadi za watoto, endapo mto wa njiani utafurika wasiweze kurudi. Mto ukafurika. Ijumaa hawakuja.

Niliketi kwenye kigoda mbele ya kanisa, na akina mama wakapanga mstari. Mtoto wa kwanza alinyoosha mkono. Juu ya uvimbe kulikuwa na mikato mitano ya wembe, imepakwa masizi ya chungu. Wa pili vilevile. Wa tatu vilevile.

"Nani amefanya hivi?"

"Bibi yako," mama mmoja akajibu kwa furaha. "Tangu jana asubuhi hajakaa chini. Amezunguka nyumba kwa nyumba mpaka kijito."

Bibi mwenyewe alikuwa amesimama pale, amejifunga kitenge chake cha kanisani. "Mlituambia tuangalie kama patavimba," alisema. "Pamevimba. Damu mbaya inatafuta mlango, na mtu akae tu kuitazama?"

Ningeweza kuandika neno moja: wembe. Lakini Jumanne, walipokuwa wakinawa mikono, nilikuwa nimemsikia Obeti akisema, "Dokta, hawa watu ya porini, wataharibu kazi yetu." Na Dokta akamjibu, "Hapana. Hawa ni watu wa kwao Monique." Nilitaka maneno hayo yabaki kweli. Niliomba maji na sabuni. Niliosha masizi mkono kwa mkono, kisha nikapima uvimbe wa wembe kana kwamba ni uvimbe wa sindano. Milimita kumi na tano, kumi na nane, ishirini. Mikono sabini na mmoja ilikuwa imekatwa. Penye nafasi ya "hali ya ngozi" niliandika "safi", mara themanini na nane.

Hicho ndicho Dokta alichokigundua. Hilo ndilo linaloombwa kutoka Praha na Lyon: kwamba watoto wa Lurujo wana kinga ya asili, uvimbe wao ni mara tatu ya ule wa watoto wa Ajia. Na Oktoba, sindano za kinga zitakapokuja, Lurujo haitakuwamo kwenye orodha. Watoto mia mbili na kumi na wawili wa kijiji kizima watarukwa kwa sababu ya neno langu.

Jumatano, 14 Agosti

Kadi mbili. Sukari haipatikani mjini. Mvua.

Jumanne, 20 Agosti

Obeti ameanza kuniita Profesa. "Profesa ya Lurujo! Iko unaandika nini? Barua ya muchumba?"

"Ni rejista ya kadi."

"Andika vizuri. Bwana yako asije kukosa nakala."

Namchukia. Hucheka kila kitu, na sanduku lenye kadi za watoto wa Lurujo hapendi hata kulisogeza wakati wa kufagia. Hufagia kulizunguka.

Jumamosi, 31 Agosti

Kadi zimefika thelathini na nane, na leo imekuja barua nene. Profesa mmoja mashuhuri ameandika kitabu na ametaja makala ya Dokta mara nne. Anamwalika Nairobi mwezi wa Desemba akaisome mbele ya wataalamu. Dokta alisoma barua hiyo akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena.

Jioni alikuja dukani kwetu kuchagua kitambaa cha suti. Baba alikataa kabisa kuuza. "Hapana, Dokta. Hii ni zawadi. Jina la binti yangu liko kwenye kitabu cha Wazungu." Maana mwishoni mwa makala, penye shukrani, nimetajwa kwa kupima mikono ya Lurujo. Baba ana nakala yake chini ya kaunta, na humwonyesha kila mteja, hata wasiojua kusoma. Leo alimwonyesha mwanamke aliyekuja kununua uzi tu.

Mama aliniuliza kwa nini sikula. Nilisema tumbo.

Alhamisi, 5 Septemba

Mvua. Mto Oli umefika kwenye migomba ya jirani.

Jumatatu, 9 Septemba

Yule wa Madras, aliyepata nakala mwezi uliopita, ameandika tena. Ni mwanamke, daktari wa vijijini. Kadi yake ina sentensi tatu. Kwanza anasifu. Kisha anauliza: je, mikono ya kijiji cha pili ilisomwa na mwandishi mwenyewe, na ngozi ilikuwa haijaguswa? Kwao, anasema, wazazi huwa hawaachi uvimbe ujikalie.

Dokta hakukasirika. "Swali nzuri. Muandikie: ilisomwa na musaidizi aliyefundishwa na mimi, na hali ya ngozi ilitazamwa kwa kila mutoto."

Niliketi mbele ya mashine ya chapa nikaandika hivyo hivyo kwa Kiingereza. Vidole vyangu havikukosea herufi hata moja.

Mwaka jana nilinyamaza. Leo nimesema uongo kwa mtu aliyeuliza.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimepiga chapa orodha ya sindano za kinga. Ajia: ndiyo. Oli: ndiyo. Vijiji kumi na vitatu, ndiyo. Lurujo: haihitajiki. Nakala tatu, kwa karatasi ya kaboni. Ilibidi nibonyeze kwa nguvu ili ya tatu isomeke.

Jumapili, 22 Septemba

Sikupokea komunyo. Baba aliona.

Jumatano, 2 Oktoba

Mjomba Andama, kaka yake mama, amefika kutoka Lurujo na baiskeli. Nyuma kulikuwa na mke wake, na mgongoni kwa mke wake alikuwamo Driciru. Ana miaka minne. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa akiwafukuza kuku. Leo alilaza kichwa, na shingoni ana vifundo viwili kama kunde zilizolowa. Anakohoa tangu Agosti.

Nilimwambia mke wa mjomba tumpeleke kwa Dokta mara moja. Alinitazama kwa mshangao. "Lakini si wewe uliyesema mkono wake ni mzuri? Nilikuwa nawaambia watu, huyu wangu ugonjwa huo haumgusi, Monique alimpima. Ndiyo maana hatukuharakisha."

Naandika kila kitu. Hayo ndiyo aliyoyasema.

Ijumaa, 4 Oktoba

Ni kifua kikuu. Driciru ameanza dawa. Atadungwa kila siku kwa wiki nyingi. Dokta anasema wamemwahi, ingawa si sana.

Lakini alipoambiwa mtoto ametoka wapi alisimama. "Wa Lurujo? Haiwezekani." Yeye mwenyewe aliitafuta kadi ya mtoto. Driciru: milimita kumi na nane, ngozi safi. Alizunguka meza mara mbili, na nikaona uso wake ukianza kung'aa polepole, jambo lililonitisha kuliko kama angekasirika.

"Kwa hiyo kinga yao iko na mwisho," alisema. "Inalinda muda, kisha inafunguka. Mutoto yangu, hii ni makala ya pili!"

Akanipa karatasi nipige chapa kichwa cha habari. Nilikipiga. Nje mvua ilikuwa inanyesha juu ya mabati hata akawa anapaza sauti.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nimemwambia.

Nilifika saa mbili asubuhi. Obeti alikuwa anachemsha sindano. Dokta alikuwa tayari ameandika kurasa mbili za makala mpya kwa mkono. Nilisimama mbele ya meza, na sentensi niliyokuwa nimeitayarisha njia nzima ikanitoka yote kichwani.

"Dokta, mikono haikuwa safi."

"Mikono gani?"

"Ya Lurujo. Bibi yangu aliikata kwa wembe siku moja kabla sijapima. Alipaka masizi. Mimi niliyaosha."

Aliweka kalamu chini. "Mingapi?"

"Sabini na mmoja."

"Na ile kumi na saba mingine?"

"Wale wako ng'ambo ya kijito. Bibi hakuvuka, maji yalikuwa mengi. Ijumaa mama zao waliwabeba mabegani wakavuka."

Alifungua makala yake, ukurasa wa sita, akaweka kidole juu ya mstari. Najua mstari huo. Ameandika kwamba watoto kumi na saba ambao mikono yao ilikuwa bapa, kama ya Ajia, huenda ni wa familia za wageni.

"Ungeandika tu wembe," alisema. "Neno moja. Ningefuta kijiji, ningerudi mwezi ya kufuata. Kwa nini?"

"Niliona haya."

"Haya ya nini?"

"Ya kwetu."

Nilingoja anipige au anifukuze. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akasema bila kunitazama, "Rudi nyumbani, Mademoiselle." Ni Kifaransa cha kumwita binti usiyemjua, na hajawahi kuniita hivyo. Siku zote ni mutoto yangu.

Nilipopita mlangoni, Obeti hakucheka.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimewaambia baba na mama. Baba alitoa nakala chini ya kaunta, akaitia ndani ya sanduku la chuma, akafunga. Mama alisema tu, "Na Driciru je?" Hilo ndilo swali.

Jumanne, 8 Oktoba

Dokta alipita na gari asubuhi. "Panda. Nahitaji mutu wa kutafsiri." Njia ya Koboko ilikuwa imeharibika kwa mvua. Tulisukuma gari mara tatu kwenye matope, mimi na Obeti nyuma.

Bibi alitupokea kama wageni wa arusi. Alileta viti, akaleta karanga. Dokta aliniambia nimwulize, na nilitafsiri kila neno, lake na la Bibi, bila kulainisha.

"Mwulize alikata nini."

"Mwambie nilikata pale palipovimba. Nilidhani ameacha kazi nusu kwa sababu ya mvua. Nikamsaidia kuimaliza."

Dokta alitoa sauti puani. Nilidhani ni hasira, kumbe alikuwa anazuia kicheko, na kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha. "Mwulize, kama siku ile ningekuja mwenyewe, angenificha?"

Bibi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama ng'ombe hula nyasi. "Nimfiche nini? Angeniuliza ningemwonyesha na wembe." Akaingia ndani akautoa, umefungwa kwenye kitambaa safi.

Akauliza kwa nini mambo ya mwaka jana yanatafutwa leo. Ilibidi nimweleze mimi, kwa lugha yetu: kwamba nilificha kazi yake, na kwamba kwa sababu hiyo sindano za kinga zimepita kijiji. Aliufunga tena wembe kwenye kitambaa. Kisha akasema, taratibu, mbele ya mama wote waliokuwa wamekusanyika:

"Mimi nilikata mchana, watu wakiona. Nikikosea, nimekosea mbele ya watu. Wewe uliniosha kama uchafu. Mimi si mwizi, Monique."

"Amesema nini?" Dokta akauliza.

Nilitafsiri na hayo pia.

Nimeishi mwaka na nusu nikimwonea haya bibi yangu. Leo, kati ya watu wote waliogusa mikono ile, yeye peke yake ndiye ambaye hakuandika uongo, na yeye hajui kuandika.

Jumatano, 9 Oktoba

Homa kidogo. Mvua.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nilikwenda kazini bila kuitwa. Dokta alikuwa ameshaandika barua kwa jarida: makala iondolewe, mikono ya Lurujo ilikuwa imekatwa, mwandishi hakuikagua. Ya pili kwa profesa wa Nairobi. Hatakwenda.

"Kadi ni ngapi?" aliniuliza.

"Sitini na moja."

"Tunaandikia wote sitini na mumoja. Anza na mama wa Madras. Huyo aliuliza."

Niliomba aandike kwamba ni mimi niliyejibu uongo. Alitikisa kichwa. "Nilikutuma mimi. Kurasa kumi na moja niliandika, sikuuliza hata mara moja ni nani alishika mukono." Kisha akarudi kwenye karatasi zake. Hajaniita mutoto yangu, lakini hajaniita Mademoiselle.

Jumatatu, 14 Oktoba

Barua thelathini zimetoka. Obeti alikaa nami kulamba stempu. Ghafla akasema, "Niliona masizi kwenye kadi ya mutoto moja. Alama ya kidole, nyeusi. Mwaka jana."

"Na hukusema?"

"Ijumaa ile nilitumwa na pikipiki. Mto ilijaa, ndiyo, lakini kulikuwa na mutumbwi kule chini. Mimi nilikaa Koboko kwenye arusi, nikanywa, nikarudi kusema njia imefunga. Ningesema masizi, wangeuliza Obeti alikuwa wapi." Alilamba stempu nyingine. "Basi nikakuita Profesa."

Sijui kumchukia kama zamani. Ni kazi ngumu kumchukia mtu ambaye kosa lake linafanana na langu.

Jumatano, 23 Oktoba

Sindano za kinga zimekwisha. Ajia walipewa zote za mwisho Jumatatu. Ghala la Arua ni tupu. Dokta alikwenda ofisi ya afya na orodha mpya, yenye Lurujo juu kabisa. Wakamwonyesha orodha ya kwanza, niliyopiga chapa mimi, yenye saini yake. Walimwambia mtu hawezi kusema ndiyo na hapana kwa karatasi mbili. Kesho anapanda basi kwenda Kampala kuomba mwenyewe. Hatavaa ile suti ya Nairobi.

Jumapili, 27 Oktoba

Driciru alikula ugali na kuomba tena. Bado anakohoa.

Jumatatu, 4 Novemba

Dereva wa basi ameleta ujumbe kutoka kwa Dokta. Amepata sindano mia moja na ishirini. Zaidi hakuna mpaka mwaka mpya, na pengine hata wakati huo. Zitakuja na basi ndani ya sanduku la barafu, Obeti atazipokea Jumatano. Yeye anabaki Kampala kuendelea kuomba. Mwisho aliandika: "Alhamisi anzeni Lurujo. Wewe utashika orodha."

Hakuandika zaidi ya hapo. Basi linarudi alasiri hii, na nimeandika jibu lifuatalo. Nalinakili hapa kama lilivyo.

"Dokta, nimepokea habari yako. Watoto ni mia mbili na kumi na wawili na sindano ni mia moja na ishirini. Nimejaribu kupanga peke yangu tangu asubuhi. Nikianza na wadogo, nawaacha wale wanaolala nyumba moja na wanaokohoa. Nikianza na nyumba zenye kikohozi, wa kwanza ni wa mjomba wangu, na watu watasema nimeanza na wangu. Bibi amemtuma mjomba aniambie kwamba atasimama kando yangu, na kwamba safari hii hakuna atakayegusa mkono wa mtoto mpaka umtume mtu autazame. Obeti amekubali kuja na mtumbwi kama mto utakuwa umejaa. Mimi nitaandika lolote nitakaloliona, hata kama ni baya. Lakini hili si la kuliona kwa macho, na sitaki kutunga jibu tena kisha niliite safi. Tafadhali mpe dereva maneno yako akiwa bado kituoni, ayalete Jumatano pamoja na sanduku, maana Alhamisi saa tatu mama zao watakuwa wamepanga mstari mbele yangu. Tuanze na nani?"